Jaji wa kaunti alipwe kwa saa za mahakamani

Mwaka juzi nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kikongo aliyefiwa na mumewe, hadi mahakama ya kaunti huku magharibi mwa Texas. Marehemu hakuacha wosia. Tulisubiri zaidi ya saa moja, kwa kuwa jaji alikuwa chumba cha pili kwenye kikao cha makamishna, yaani baraza la kuendesha kaunti ambalo yeye ndiye mwenyekiti wake, wanajadili changarawe ya barabara. Alipoingia aliomba radhi, akavaa joho, akafungua faili la mirathi.

Msomaji wa Kenya anayesikia neno kaunti afikirie gavana, kisha ampe gavana huyo na kiti cha hakimu. Watu wa pwani wana mfano wa karibu zaidi: liwali wa zamani, aliyesimamia mji na kuamua mashauri. Katiba ya Texas haidai jaji wa kaunti awe mwanasheria, ila awe mjuzi wa sheria za jimbo. Kwenye kaunti kubwa kama Harris, iliko Houston, kesi husikilizwa na majaji wengine, yeye akabaki na utawala. Kaunti ndogo humtwika yote: mirathi, ulezi wa wasiojiweza, makosa madogo, hata amri ya kumlaza mgonjwa wa akili hospitalini.

Kwa mzigo huo wa mahakama jimbo humwongezea mshahara: asilimia 18 ya mshahara wa msingi ambao jimbo linamlipa jaji wa wilaya. Mshahara huo ulipokuwa dola 140,000, nyongeza ilikuwa dola 25,200 kwa mwaka. Naiunga mkono kabisa. Kaunti yenye watu wachache haina kodi ya kutosha kumlipa mtu vizuri, na mjane wa huko anastahili hukumu makini sawa na mjane wa Houston.

Kinachonikera ni sharti lake. Ili alipwe, angalau asilimia 40 ya kazi zake ziwe za kimahakama. Sasa piga hesabu. Jaji anayefanya kazi saa 20 kwa wiki, 8 kati ya hizo mahakamani, amefikisha asilimia 40. Mwenzake anayefanya saa 60, 20 zikiwa za mahakama, yuko kwenye asilimia 33. Huyu wa pili amesikiliza watu zaidi ya mara mbili ya yule wa kwanza, lakini nyongeza anaikosa kwa sababu kaunti yake ina barabara nyingi na bajeti ngumu. Hiyo ni dhuluma, hata kama imeandikwa kwenye sheria.

Wapo wanaosema asiye mwanasheria asipewe fedha za ujaji hata senti. Basi waseme pia nani atakayekwenda kuketi kwenye kiti hicho, maili mia kutoka mji mkubwa.

Mimi ningeifuta asilimia, niweke saa. Jaji aape kwa idadi ya saa alizosikiliza mashauri, aambatishe kalenda ya mahakama, na mkazi yeyote aruhusiwe kuisoma.

Shauri la jirani yangu lilimalizika alasiri. Jaji alimsomea amri aya kwa aya, akinyamaza kila mara mpaka sauti ya mkalimani kwenye simu ifike mwisho. Yalikuwa masaa mawili. Kwa utaratibu wangu, jimbo lingeyahesabu kama masaa mawili, hata kama wiki nzima iliyobaki aliimaliza kwenye changarawe.