Santuri orijino haimlipi mwimbaji: maneno machache kuhusu wakusanyaji wa soul

Kwenye kumbi za Northern Soul kule Uingereza, yaani kumbi za kucheza soul ya zamani ya Wamarekani weusi, kuna sheria moja ambayo kila dijei anaijua, nayo ni kwamba kopi hazipigwi. Ukipanda kupiga muziki ni santuri orijino tu, ile ile iliyotoka kiwandani miaka ya 60 huko Detroit au Chicago, na ukionekana unapiga toleo jipya, hata liwe halali na limelipiwa kila kitu, wazee wa pale watakuangalia kama umeingia msikitini na viatu. Wenyewe wana kifupi chake kabisa, OVO, yaani Original Vinyl Only, santuri orijino tu.

Sheria hii naelewa ilikotoka na huko mbele nitaitetea kidogo. Ila iangalie kwa jicho la hela uone ajabu yake. Santuri orijino ikiuzwa leo pauni elfu tano mwimbaji hapati hata senti, hela inatoka mfuko wa mkusanyaji mmoja inaingia mfuko wa mwenzake basi. Toleo jipya la bei ya kawaida, limetolewa na kampuni inayolipa mirabaha, hilo ndo angalau lina uwezekano wa kumfikishia mwimbaji chochote. Yaani kopi pekee inayoweza kumlipa mzee wa watu ndo hiyo hiyo inayoitwa feki!

Kwa wasioijua hii dunia, iko hivi. Mwishoni mwa miaka ya 60 na miaka yote ya 70 vijana wa kaskazini mwa Uingereza, wengi watoto wa wafanyakazi wa viwandani, walikuwa wanakesha wakicheza soul ya Wamarekani weusi, kwanza Twisted Wheel pale Manchester, baadaye Blackpool Mecca, na Wigan Casino iliyoanza kukesha 1973 ikafungwa 1981. Jina Northern Soul lilitoka kwa mwandishi Dave Godin mwaka 1970, yeye alikuwa na duka la santuri London na aliona wateja wanaotoka kaskazini hawataki muziki mpya wa funk uliokuwa unavuma wakati ule, wanataka zile ngoma za kasi za katikati ya miaka ya 60, zile zenye harufu ya Motown, kampuni ya muziki ya Detroit. Shida ni kwamba Marekani yenyewe ilishahama. James Brown alishabadilisha kila kitu, karibu hakuna studio iliyokuwa bado inatengeneza nyimbo za namna ile, kwa hiyo kama unataka wimbo "mpya" wa kuchezea Jumamosi njia ni moja tu, uende Marekani ukachimbe ule uliotoka 1965 ukafeli.

Na nyimbo zilizofeli zilikuwa maelfu. Kila mji mkubwa wa Marekani ulikuwa na vilebo vidogo vidogo, yaani vikampuni vya kutoa santuri, mtu ana studio nyuma ya duka, anafyatua santuri mia tano au elfu moja, anazipeleka kwenye vituo vya redio, hazipigwi, zinaishia stoo. Wimbo uliouza milioni leo unaupata kwa bei ya chai na chapati, ule usiouza kabisa ndo wa maelfu. Kwa hiyo bei ya santuri adimu, ukiondoa mapambo yote, inapima jinsi mwimbaji alivyofeli. Kadiri alivyoumia ndivyo kipande kinavyopanda bei, halafu anayelipwa ni mtu mwingine.

Mfano ambao kila mtu anautaja ni wa Frank Wilson. 1965 aliimba wimbo mmoja, Do I Love You (Indeed I Do), kwenye lebo ya Soul iliyokuwa chini ya Motown, zikafyatuliwa kopi za promosheni halafu karibu zote zikaharibiwa kwa sababu mpango wa kumtoa kama mwimbaji uliachwa, akabaki kuwa prodyuza wa wasanii wengine pale pale Motown. Zikabaki kopi za kuhesabu. Moja iliuzwa 2009 kwa pauni 25,742, na mwaka 2020 ikauzwa nyingine kwa pauni 100,000. Sasa watu husahau kwamba Motown ya Uingereza iliutoa wimbo huo huo rasmi mwaka 1979, kila mtu alikuwa anaweza kuununua. Hiyo laki moja ya pauni hailipii wimbo, inalipia kipande cha plastiki. Wilson mwenyewe aliachana na biashara ya muziki, akawa mchungaji, akafariki 2012.

Sasa upande wa pili, maana nisionekane nawapiga mawe tu wakusanyaji. Hebu fikiria bila wao ingekuwaje. Nani mwingine alikuwa na sababu ya kwenda kukaa kwenye stoo ya vumbi Philadelphia na kupitia maboksi ya santuri ambazo wenyewe walishazihesabu kama takataka? Kampuni kubwa hazikuwa na habari. Vyuo havikuwa na habari. Ni tamaa ya dijei kumzidi dijei mwenzake ndo iliyofanya hivyo vitu visichomwe, hilo lazima tulikubali hata kama tamaa si neno zuri. Na wapo waimbaji waliofaidika kweli. The Tams wa Atlanta walikuwa na wimbo wa 1964, Hey Girl Don't Bother Me, vijana wa kaskazini wakaupiga mpaka 1971 ukawa namba moja Uingereza nzima, miaka saba baadaye. Major Lance alihamia Uingereza kwa muda miaka ya 70 kwa sababu kule bado alikuwa staa wakati kwao Chicago mambo yamepoa. Edwin Starr naye alihamia huko huko na ndiko alikofia, 2003.

Hata OVO ina utetezi wake. Miaka ya 70 kopi za wizi zilikuwa kila mahali, mtu anachukua santuri moja adimu anaifyatua upya kimya kimya mamia kwa mamia, halipi mwimbaji wala mtunzi wala lebo, kwa hiyo kukataa kopi wakati ule kulikuwa na maana. Halafu kuna jambo ambalo watu wa nje hawalioni, kwamba santuri orijino yenyewe ni hati. Kwenye lebo, ile karatasi ya duara katikati ya santuri, kuna jina la mtunzi, jina la kampuni ya haki za utunzi, mara nyingine mpaka mji, na kwenye ile sehemu laini karibu na katikati, wimbo unapoishia, kuna namba zilizochorwa ambazo mtu anayejua anaweza kukuambia ilikatwa studio gani. Utafiti wote wa kumtafuta mwimbaji unaanzia hapo. Ukiwa na faili la sauti tu huna pa kuanzia.

Lakini jamani, watu hao hao wanaosema santuri ni hati ndo waliokuwa wanaifuta! Madijei walikuwa na mchezo wa kubandika karatasi juu ya lebo na kutangaza jina la uongo ili mshindani asijue wimbo ni upi akautafute. Wimbo wa Frank Wilson ulichezwa Wigan kwa jina la Eddie Foster, na kopi za wizi zikatoka na jina hilo hilo. Yaani mtu ameshafeli mara ya kwanza kwao, anakuja kupendwa na maelfu ya watu ng'ambo, na hao maelfu wanaimba kila neno la wimbo wake huku wanamwita jina la mtu mwingine. Hapa sioni utetezi wowote. Siri hii iliongeza thamani ya sanduku la dijei na ilichelewesha mwimbaji kujulikana, na waliofanya walijua wanachofanya.

Kuna watu wanasema basi tatizo ni rahisi, tununue matoleo mapya na mwimbaji atalipwa. Mimi niko upande wao lakini nisidanganye, hata hapo si moja kwa moja. Mwimbaji wa 1965 alikuwa na miaka kumi na tisa, akasaini karatasi bila wakili, akampa mwenye lebo kila kitu. Toleo jipya likitoka, hela ya leseni analipwa mwenye mkanda wa awali na fungu lingine linaenda kwa mtunzi. Mwangalie Gloria Jones. Aliimba Tainted Love 1965 ikafeli, tena ilikuwa upande B, dijei Richard Searling akaikuta Marekani 1973 akaileta kwenye kumbi za kaskazini, na 1981 Soft Cell wakairudia ikawa namba moja Uingereza ikazunguka dunia nzima. Mirabaha ya utunzi ilikwenda kwa Ed Cobb aliyeuandika. Gloria, ambaye sauti yake ndo iliyofanya wimbo uokotwe, kwenye fungu hilo hakuwemo. Sheria haikumkosea, ndivyo ilivyoandikwa, na ndo maana nasema kulaumu wakusanyaji peke yao ni kurahisisha mambo.

Kinachonishawishi mimi zaidi ni kesi ambazo santuri adimu haikuwepo kabisa. Bettye LaVette wa Detroit alirekodi albamu ya kampuni ya Atlantic mwaka 1972 kule Muscle Shoals, Alabama, kampuni ikaifungia kabatini bila maelezo ya maana, akaendelea kuimba kwenye vilabu miaka karibu thelathini. Mkusanyaji Mfaransa, Gilles Pétard, ndo aliyeutafuta ule mkanda, akaukuta, akaulipia leseni na kuutoa mwaka 2000. Hapo ndo maisha ya pili ya huyu mama yalipoanza, albamu mpya, ziara, mpaka Januari 2009 anaimba kwenye tamasha la kuapishwa kwa Obama. Pétard alikuwa na ugonjwa ule ule wa wenzake wa kutaka kitu ambacho hakuna mwingine anacho, tofauti ni kwamba alipokipata alikitoa.

Au Penny & The Quarters. Hawa walikuwa vijana wa Columbus, Ohio, waliorekodi demo ya You and Me wakaisahau. Mkanda ulikutwa kwenye vitu vya marehemu aliyehusika na lebo ya pale, lebo ya Numero Group ya Chicago wakautoa 2007 bila kujua walioimba ni kina nani hasa, halafu 2010 wimbo ukaingia kwenye filamu ya Blue Valentine na watu wakaupenda vibaya mno. Hela ikaanza kuingia na mwenye kuipokea hajulikani. Numero wakawatafuta mpaka familia ya mmoja wa waimbaji ikajitokeza, na baadaye Penny mwenyewe akapatikana, mama mtu mzima aliyekuwa anaendelea na maisha yake. Hakuna santuri ya pauni elfu ishirini kwenye hadithi hii. Kilichofanya kazi ni mtu kuuliza huyu ni nani, na kampuni kutenga fungu la mtu ambaye haijawahi kumwona.

Kwa hiyo kwa maoni yangu kukusanya na kutafiti ni kazi mbili tofauti hata kama mara nyingi anazifanya mtu mmoja, na ubaya wa OVO ni kwamba inagawa heshima yote kwa kazi ya kwanza. Dijei mwenye kipande cha elfu kumi anaitwa bingwa, aliyekaa miezi anapiga simu makanisani Detroit kumtafuta mwimbaji anaandika karatasi ya ndani ya CD ambayo watu wachache wanaisoma.

Na kuna jambo la kisheria ambalo sielewi kwa nini halizungumzwi. Mchoraji Uingereza, picha yake ikiuzwa tena kwenye mnada au kwa dalali, ana haki ya fungu, sheria hiyo ipo tangu 2006 na inaanzia asilimia 4. Kenya nayo imeiweka kwenye sheria yake ya hakimiliki 2019. Santuri haimo, kwa hoja kwamba ni bidhaa ya kiwandani na si kazi moja ya mkono. Kwa santuri ya kawaida hoja hiyo naikubali. Kwa santuri ambayo zimebaki kopi za kuhesabu duniani inakuwa ngumu kidogo kuimeza. Kwa ile kopi ya 2009 asilimia 4 ingekuwa kama pauni elfu moja, hela ambayo mnunuzi wa namna ile hata asingeisikia. Najua utekelezaji ni kazi, santuri nyingi zinauzwa mkono kwa mkono, lakini minada ipo na inaandika kila kitu.

Huku kwetu tusijione tuko mbali na haya. Soul ilikuwa ya moto Dar es Salaam kiasi kwamba Novemba 1969 serikali iliipiga marufuku kwenye madansi ya mji huo, wakiona inaharibu vijana. Haikufa. Sunburst, bendi iliyozaliwa Dar, ilitoa albamu ya Ave Africa kule Zambia mwaka 1976, orijino yake ikawa kitu cha kuwindwa na wazungu, na 2016 lebo ya Strut ya London ikaitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine. Kwa Kenya, lebo ya Soundway ya London walitoa Kenya Special 2013, mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 70 na 80 ambazo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuzisikia, na hii inauma kidogo, kwamba lazima zipitie London ndo zirudi.

Ila Tanzania ina tofauti yake kubwa. Hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, zilifyatuliwa Nairobi, na nyimbo nyingi zilibaki kwenye mikanda ya Radio Tanzania bila kuwa santuri hata siku moja. Mwindaji wa vipande hana cha kuwinda hapo, wa maana ni mtu wa maktaba na mtu wa kukaa na wazee na kinasa sauti. Kwa hiyo jamaa anayetua Nairobi na begi tupu, anaingia Kenyatta Market anachambua santuri, anarudi Ulaya, mimi sina ugomvi naye kwa kununua, mwenye kibanda naye anataka kula. Ugomvi wangu unaanza pale anapouza kile kipande mara ishirini ya alichonunulia na hakuuliza aliyeimba yuko wapi, wakati mara nyingi muuza santuri mwenyewe anamjua au anamjua anayemjua.