Bomba la Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, kila akitoka Dar lazima aje na kitu cha Kariakoo ambacho hakuna aliyemtuma. Safari hii alishuka stendi ya Kange, hapa Tanga, amekumbatia bomba linalong'aa kama sufuria za bi harusi, na kwenye ncha yake limechomekwa eakilina, yaani chujio la hewa ya injini, jekundu lenye umbo la pia.

"Shem, hii inavuta hewa ya baridi. Gari lako litapaa."

Gari lenyewe ni IST ya cc 1300, nguvu za farasi 87 siku ile linatoka kiwandani. Kazi yake ni kunipeleka Chumbageni asubuhi na kunirudisha Ngamiani jioni. Lipae liende wapi? Sikupewa nafasi ya kuuliza. Natoka swala ya Ijumaa nakuta boneti iko wazi, boksi langu la eakilina limetupwa chini ya mwembe, na mdomo wa lile bomba umeteremshwa mpaka nyuma ya bampa, chini kabisa, mahali ambapo hata paka akitaka kupita inabidi ainame.

Tukawasha. Ukikanyaga: vuuuuu!

"Umeisikia hiyo nguvu?" Shemeji kafumba macho kwa raha.

Mlio ulisikika mtaa mzima. Nguvu sikuiona, na aliyeshika usukani ni mimi. Fundi wetu akaja na kikombe chake cha kahawa, akachungulia, akasonya.

"Bosi, boksi la kiwandani nalo lina mdomo wake kule mbele, linavuta hewa ya nje. Hii baridi mpya inatoka wapi, Lushoto?"

Hakukataa kila kitu, fundi wa watu. Alisema hewa ikipoa nyuzi 10 inaongezeka uzito kwa kama asilimia 3, kwa hiyo injini inapata oksijeni zaidi, na mtu wa mashindano anayekanyaga mpaka chini anaweza kuambulia farasi wawili watatu. Lakini wewe wa mjini, spidi 50, mguu umegusa tu, hewa inabanwa na kile kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Eakilina halina kesi hapo. Tena haya mengine hupakwa mafuta, na yakizidi yanarukia sensa ya hewa, taa ya cheki injini inawaka, unaanza kutafutana na watu wa kompyuta. Shemeji akamjibu kuwa wazee hawapendi maendeleo.

Basi mama mkwe akawa na shughuli Pongwe. Dereva akajitolea Shemeji, ili mamaye aone kijana wake alivyoliboresha gari. Mama akakaa nyuma, hotipoti la pilau la kurudi nalo mapajani. Kila bomba likinguruma anashtuka, anashika kiti, anasoma Ayatul Kursi.

"Baba Zuhura, hili gari lina pumu?"

"Ni nguvu hiyo, mama," akadakia Shemeji.

Mvua ya masika ikatukuta tunaingia mjini. Karibu na nyumbani barabara imegeuka bwawa. IST nyingine, ya teksi, ikapita taratibu, maji nusu tairi, ikaenda zake. Nikamwambia Shemeji afuate vivyo hivyo. "Ukienda polepole inazima," akasema, akakanyaga.

Maji yakajikusanya mbele ya bampa, na nyuma ya bampa ndiko mdomo ulikokuwa ukisubiri. Vuuu ikageuka glu-glu-glu. Tak! Kimya. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo, nikaudaka. Hewa unaweza kuibana ndani ya silinda, maji hayabaniki. Ukilazimisha stata, mikono ya pistoni inapinda, na hapo unanunua injini.

Mama mkwe akakataa katakata kukanyaga maji machafu na viatu vya shughuli. Ikasimamishwa guta iliyotoka kushusha madafu. Akapandishwa, akafungua mwamvuli, hotipoti pembeni, akaondoka anapungia majirani mkono kama waziri. Sisi tukasukuma.

Kesho yake fundi akafungua plagi zote nne. "Sogeeni pembeni." Nikasogea. Shemeji akainama zaidi, eti anataka kuona. Stata ilipozunguka, maji yakaruka kutoka kwenye matundu yakampata usoni, kidevuni, na ndani ya fulana nyeupe iliyoandikwa Turbo. Fundi hakucheka. Alikwenda nyuma ya gari, tukamsikia akikohoa kwa muda mrefu.

Mungu alitusitiri, hakuna kilichopinda. Oili ikamwagwa ikawekwa mpya, bomba likang'olewa. Likabaki boksi la zamani, na chini ya mwembe halipo. Tukalikuta kwa mama mkwe, uani, limejaa udongo, limeota rehani nzuri kweli.

"Lilikuwa limetupwa," akasema. "Lina vitundu vyake, maji hayatuami."

"Mama, ndilo pua la gari."

"Na mimi mnanipa nini?"

Shemeji, bado macho mekundu, akamkabidhi bomba. Mama akaligeuza, akapiga jicho ndani, akang'oa lile pia jekundu akawapa watoto. Sasa bomba limechomekwa kwenye mlizamu wa paa lake, linashusha kwenye pipa. Pipa linajaa mvua ikiwa bado manyunyu, na mama anamsifia mwanawe kwa kila mgeni: kwa kuvuta maji, hilo bomba halijapata mpinzani Ngamiani nzima.