Kabla ya Kununua Sensa Nyingine

Mwezi wa Oktoba, msimu wa korosho ulipokuwa unaanza, gari langu lilizima mara tatu katika safari moja ya kutoka Mtwara kwenda Masasi. Mara ya kwanza lilizima tulipoiacha Mnazi Mmoja, mara ya pili karibu na Nyangao, na mara ya tatu kabla ya kufika Ndanda, jua la mchana likiwa kali. Kila lilipozima, stata ilizungusha injini vizuri lakini injini haikuwaka. Tukifungua boneti na kukaa kivulini kwa nusu saa, liliwaka kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Nilipolifikisha gereji, fundi alichomeka mashine yake ya kusomea hitilafu, akaitazama kidogo, akaniambia, "Mwalimu, sensa ya oksijeni imekufa." Niliiagiza kutoka Dar es Salaam, nikalipia na usafiri wa basi, ikafungwa, na wiki iliyofuata gari likazima tena palepale karibu na Nyangao.

Simlaumu fundi yule kwa kutumia mashine. Ninachokipinga ni mazoea, ambayo yameenea sana huku kwetu Kusini, ya kuichukua namba ya hitilafu iliyosomwa na mashine kuwa hukumu ya mwisho, ilhali namba ile ni malalamiko tu yaliyofikishwa na bado hayajachunguzwa. Kwa mtu aliye zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenye maduka makubwa ya spea, kosa hilo humgharimu fedha na siku nyingi za kusubiri.

Neno sensa linafanana na lile tunalotumia kwa kuhesabu watu, na kwangu linafaa, kwa sababu kazi ya kifaa hiki garini ni kuhesabu na kutoa taarifa. Kipo kinachopima joto la maji ya injini, kipo kinachopima hewa inayoingia, kipo kinachotazama mzunguko wa mtaimbo mkuu wa injini (krenkshafti), na kipo kinachonusa moshi kwenye bomba la ekzosi. Taarifa zote hupelekwa kwa njia ya umeme kwenye kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi wengi huiita kontrol boksi, nayo huamua kiasi cha mafuta cha kunyunyiza na wakati wa plagi kupiga cheche. Kompyuta haioni injini. Inaamini kile inachoambiwa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alielewe: sensa huharibika kwa namna mbili, na namna ya pili ndiyo mbaya zaidi. Sensa iliyokufa kabisa, au iliyokatika waya, kwa kawaida hugunduliwa na kompyuta mara moja na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Lakini sensa inayodanganya, yaani inayotoa taarifa isiyo sahihi ila inayoweza kuaminika, inaweza kukaa miezi bila taa yoyote kuwaka. Chukua sensa ya joto la maji. Ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake, yaani jinsi kinavyozuia umeme kupita (hupimwa kwa omu), hupungua joto linapopanda: katika magari mengi ya Kijapani huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzijoto 20, na hushuka hadi kati ya omu 200 na 400 kwenye nyuzijoto 80. Ikiwa sensa imechakaa na inaiambia kompyuta kwamba maji yana nyuzijoto 40 wakati ukweli ni 90, kompyuta itaongeza mafuta kama vile injini haijapata moto. Utaona moshi mweusi, utasikia harufu ya petroli, plagi zitajaa masizi, na gari litakuwa gumu kuwaka ukilizima kwa dakika chache sokoni na kurudi. Mwenye gari atabadilisha plagi, atasafisha nozeli, na pengine ataambiwa injini imechoka.

Kumshika mwongo huyo si kazi ngumu. Gari likilala usiku kucha, alfajiri kabla ya kuliwasha, sensa ya joto la maji na sensa ya joto la hewa zinapaswa kusoma karibu sawa, na zote zikaribiane na hali ya hewa ya nje, ambayo kwa Mtwara asubuhi mara nyingi ni nyuzijoto ishirini na kitu. Moja ikisoma mbali na mwenzake, umepata pa kuanzia. Ikisoma nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa kawaida maana yake ni kwamba umeme haupiti kabisa: waya umekatika au soketi, yaani kiungio cha waya na sensa, imeachia, na sensa yenyewe huenda ni nzima. Kipimo hiki hakihitaji kingine isipokuwa kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, tundu ambalo lilikuwa la lazima kwa magari madogo yote mapya nchini Marekani tangu mwaka 1996 na ambalo leo limo katika magari mengi yanayoletwa kwetu kutoka Japani.

Sensa ya hewa nayo ina ugonjwa wake wa huku. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto, na hewa inavyopita kwa wingi ndivyo unavyohitaji umeme zaidi ili kudumisha joto lake. Vumbi jekundu la barabara za Newala na Tandahimba likipenya kwenye chujio lililochanika, hujipaka juu ya waya huo, na kompyuta ikadhani hewa inayoingia ni kidogo kuliko ilivyo. Gari hukosa nguvu mlimani. Mara nyingi dawa yake ni kuisafisha kwa spreyi maalumu na kubadilisha chujio, wala si kununua nyingine.

Ile ya oksijeni, inayonusa moshi wa ekzosi, ndiyo inayoonewa kuliko zote. Ikiripoti kwamba mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta machache, watu huing'oa yenyewe, ilhali pengine mpira wa kupitishia hewa umepasuka au pampu ya mafuta imedhoofika. Wazee walisema mjumbe hauawi.

Nirudi kwenye gari langu. Fundi wa pili, mzee mmoja wa Masasi, hakuanza na mashine. Aliniuliza, "Mwalimu, likikataa kuwaka, mshale wa RPM, ule wa kasi ya mzunguko wa injini, huwa unatikisika stata ikizungusha, au unalala kwenye sifuri?" Nilikumbuka kwamba ulikuwa unalala. Alichukua malitimita, kifaa cha kupimia umeme, akapima sensa ya mtaimbo mkuu injini ikiwa baridi, akaandika namba, akaliacha gari liungurume hadi likazima lenyewe, kisha akapima tena upesi. Safari hii malitimita haikupata njia ya umeme kabisa. Waya uliosokotwa ndani ya sensa ulikuwa ukiachana unapopata moto, kompyuta ikakosa taarifa ya mzunguko, na kushikana tena unapopoa. Ndipo nikaelewa kwa nini nusu saa ya kivuli ilikuwa inaniponya.

Na ile ya oksijeni? Hitilafu iliyosomwa ilikuwa ya kweli, ila haikuhusiana na kuzima kwa gari. Soketi yake ilikuwa imeota kutu ya kijani, ambayo mzee aliikwangua na kuisafisha, kisha akairudisha sensa yangu ya zamani, nayo inafanya kazi hadi leo. Sisi tunaishi kando ya bahari. Hewa ya chumvi hula shaba kimyakimya, na magari yaliyopita kwenye maji ya mafuriko, kama yale ya kimbunga Hidaya Mei 2024 yaliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, yanaweza kuonyesha madhara ya soketi miezi mingi baadaye. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kutazama ni soketi na waya wa athi, ule unaounganisha umeme na bodi ya gari.

Lawama nyingine ni yetu sisi wenye magari. Tunakubali kulipia spea na ufundi wa kuifunga, lakini fundi akituambia saa nzima imekwenda kwenye kupima, tunaona ametuibia. Kwa mtindo huo tunamfundisha kubadilisha badala ya kuchunguza. Siku hizi, kabla sijatoa fedha ya sensa yoyote, naomba namba za hitilafu ziandikwe kwenye karatasi kabla hazijafutwa au betri kuchomolewa, naomba nionyeshwe kipimo kilichothibitisha kwamba sensa yenyewe ndiyo mbovu, na ile saa ya kupima nailipia hata kama mwishoni hakuna kilichobadilishwa isipokuwa soketi kusafishwa.