Omba Jembe Kabla ya Kuomba Shamba

"Natafuta shamba. Nia ninayo, nguvu ninazo, naombeni msaada." Ujumbe wa namna hii nimeusoma mara nyingi hadi naweza kuumalizia kabla sijafika mwisho. Aliyeuandika ni kijana, au mtu wa makamo aliyechoka na kazi ya ofisini, naye anaeleza kwa hisia jinsi anavyopenda udongo. Anataka ekari mbili, tano, wakati mwingine hamsini. Halafu anasubiri. Anachopata ni kimya, na kisipokuwa kimya basi ni dalali.

Siwacheki, maana na mimi niliwahi kuandika hivyo hivyo. Ila siku hizi naona tulikuwa tukianzia mwisho. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee, na methali hiyo hutumiwa kumsuta mgeni anayekaa kula tu. Mimi naigeuza: anayetaka kuingia kwenye kilimo asingoje kupewa. Jembe aliombe mwenyewe siku ya kwanza, na aliombe kwenye shamba la mtu mwingine.

Tumtazame kwanza mwenye shamba, kwa kuwa ndiye tunayemsahau tunapoandika maombi yetu. Sehemu nyingi mtu huyu ni mzee. Sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2022 ilikuta wastani wa umri wa wakulima ni miaka 58.1. Japani wastani unakaribia 68. Katika Umoja wa Ulaya, mwaka 2020, wasimamizi wa mashamba walio chini ya miaka 40 walikuwa takriban asilimia 12 tu. Kwa hiyo wapo watu chungu nzima wenye ardhi, magoti yanayouma, na watoto walioshika njia nyingine. Mikono wanaihitaji kweli. Kinachowazuia ni hofu. Huyu nikimwingiza, atatoka? Si atapanda zao lile lile msimu baada ya msimu mpaka udongo uchoke? Atakata miti? Ataniachia magugu ya kufika kiunoni na kutoweka katikati ya msimu? Sasa chukua ule ujumbe wa "nia ninayo" uutafutie hofu hata moja iliyojibiwa. Hakuna.

Hofu hizo hazitibiwi kwa maneno. Zinatibiwa na msimu mmoja wa kufanya kazi huku mwenye shamba akikuona.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi wa London, alianza kupanga safari za mwisho wa wiki kwa watu wa mjini waliotaka kwenda kusaidia kazi kwenye shamba la kilimo hai. Kutoka hapo ukakua mtandao wa WWOOF, ambao leo unawapeleka watu wa kujitolea mashambani katika nchi nyingi. Indonesia nako, mwaka 1989, wakulima wa mpunga walianza kukutana kila wiki shambani kuchunguza wadudu na afya ya mimea chini ya mpango uliosimamiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na ndiko yalikozaliwa mashamba darasa. Kote huko darasa ni tuta na mwalimu ni msimu wenyewe.

Na msimu unafundisha mambo ambayo video haiyafikishi mgongoni. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, ekari moja inakula mashimo zaidi ya 21,000. Kwenye karatasi hiyo ni hesabu nzuri ya mavuno. Kwa jembe la mkono, hiyo ni mara 21,000 za mtu kuinama. Baada ya hapo inakuja palizi, na palizi haina subira: magugu yanaiba zaidi katika zile wiki za mwanzo mche ungali mchanga, na ukichelewa kwa sababu ulikuwa na harusi, hasara imeshaingia hata kama utapalilia vizuri kiasi gani baadaye. Mtu aliyepitia haya kwenye shamba la mwenzake hataomba tena ekari hamsini. Ataomba nusu ekari, na ataomba kwa sauti ya chini.

(Kuomba jembe si kuomba utumwa. Kabla ya siku ya kwanza mpatane saa za kazi, malipo, na utafundishwa nini. Wapo wanaoita "mafunzo" kile ambacho ni kibarua cha bure, na ukiona mwezi wa pili bado kazi yako ni kubeba maji tu, ondoka.)

Udogo wa shamba usikuaibishe. Kwa makadirio ya watafiti wa FAO yaliyotoka mwaka 2021, duniani kuna mashamba zaidi ya milioni 600, na takriban asilimia 84 kati yake hayafiki hekta 2, yaani chini kidogo ya ekari tano. Hao wadogo ndio wanaozalisha kama theluthi ya chakula cha dunia. Wala sioni haraka ya kununua. Mtu anayemaliza akiba yote kwenye hati ya ardhi anabaki bila pesa ya mbegu, na shamba lisilo na mbegu ni kiwanja tu.

Mimi kosa langu halikuwa ukubwa, lilikuwa maji. Shamba langu la kwanza la kukodi nililiona wakati wa mvua. Kijito kilikuwa kinapita pembeni, kinaimba kabisa, na mwenye shamba akaniambia kwa ukweli wote kwamba "maji yapo". Sikuuliza yapo miezi gani. Kiangazi kilipoingia kile kijito kikawa njia ya mbuzi. Nilikuwa na tangi la lita 1,000, nikijiona tajiri. Jioni moja, kwa kuchelewa sana, nikapiga hesabu: milimita moja ya maji juu ya ekari ni kama lita 4,000, na mboga kwenye jua kali hunyonya milimita tano hivi kwa siku. Lita 20,000. Kila siku. Tangi langu lingetakiwa kujazwa mara ishirini kati ya asubuhi na jioni. Nilivuna kidogo sana msimu ule, na nyanya zenyewe zilikuwa na vitako vyeusi.

Tangu hapo naamini shamba linakaguliwa katika majira yake mabaya. Kama lina hatari ya mafuriko, nenda mvua ikinyesha. Kama lina hatari ya ukame, nenda mwisho wa kiangazi. Zungumza na majirani zaidi ya mwenye shamba, na muulize kila mmoja peke yake. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, urudi baada ya saa chache uone kama yameondoka. Kisha uliza swali ambalo wakodishaji wapya hawaliulizi: misimu mitatu iliyopita hapa palipandwa nini? Nyanya, viazi mviringo, pilipili na biringanya ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko bakteria unaoziua unaweza kubaki udongoni kwa miaka. Ukikuta shamba la bei nafuu ambalo aliyetangulia alilima nyanya akaondoka ghafla, tafuta sababu ya kuondoka kwake kabla hujashangilia bei.

Udongo upimwe. Sampuli ya sehemu moja haitoshi. Chota sehemu kumi hadi ishirini, kina cha sentimita 20 hivi, changanya kwenye ndoo safi, upeleke kama nusu kilo. Mazao mengi yanapenda pH, yaani kipimo cha uchachu, kati ya 6 na 7, na kama udongo una uchachu mkali, chokaa ya kuupunguza inachukua miezi kufanya kazi yake.

Hapo ndipo muda wa mkataba unapoingia, na hapo ndipo ninapogombana na wenye mashamba. Wengi wanataka kukodisha msimu kwa msimu. Nawaelewa, lakini mkataba wa msimu mmoja unamfundisha mpangaji kuwa mwizi wa udongo. Nani ataweka samadi ambayo nusu ya faida yake itaonekana mwaka wa pili na wa tatu, wakati huenda akavuna mwingine? Nani atapanda mti wa matunda? Ukitaka shamba lako lirudi na rutuba, mpe mtu miaka mitatu au mitano, kisha mwandikie masharti: mazao yabadilishwe, miti isikatwe, maji yatumike hivi. Ufaransa kuna asasi iitwayo Terre de Liens, iliyoanzishwa mwaka 2003, inayokusanya akiba na michango ya raia, inanunua mashamba na kuyakodisha kwa muda mrefu kwa wakulima wanaokubali kutunza udongo. Mpangaji hamiliki hata shubiri moja, lakini analima kama mtu atakayekuwepo kesho.

Kwenye mgao wa mavuno, neno "nusu kwa nusu" limevunja urafiki mwingi. Nusu ya nini? Ya magunia yaliyotoka shambani, au ya pesa iliyobaki baada ya mbegu, mbolea na vibarua? Zao likiungua kwa jua, gharama ni ya nani? Yaandikwe hayo, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili na mashahidi wawili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba hupotea pamoja na ujirani.

Mwaka jana rafiki yangu mmoja alinionyesha ombi lake kabla hajalituma. Lilikuwa lile lile, nia na nguvu. Tukakaa tukaliandika upya: kwamba amefanya kazi msimu mmoja kwenye bustani ya mboga na mwenye bustani yuko tayari kuulizwa habari zake, kwamba anatafuta nusu ekari karibu na maji ya mwaka mzima, kwamba atalipa kodi ya mwaka wa kwanza mapema, hatakata mti, na atakabidhi udongo uliopimwa mwanzo na mwisho, na kwamba kabla ya makubaliano yoyote yuko radhi kuja kufanya kazi wiki mbili ili mwenye shamba amwone.

Alipata majibu matatu. La kwanza lilitoka kwa dalali. Wa pili alikuwa anatafuta mlinzi, si mkulima. Wa tatu, mama mmoja mzee, hakuuliza habari ya kodi wala miti. Aliuliza kama anaweza kufika kabla ya palizi.