Kuku wa uani Mtwara wanaishi kwa hisani ya jirani

Mkazi wa Chikongola au Magomeni, mjini Mtwara, mwenye mitetea kumi uani anaweza kuambiwa awaondoe na jirani, na mwenyekiti wa mtaa au na bwana afya. Mara nyingi atawaondoa bila kuuliza ni kifungu gani alichovunja.

Kisheria hali yake si mbaya kama anavyodhani. Kanuni za kilimo mjini za 1992 ziliutambua ufugaji ndani ya miji na kuuwekea mipaka, hazikuupiga marufuku. Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na hifadhi kwa mali hiyo, ila "kwa mujibu wa sheria". Kwa mambo ya uani, sehemu kubwa ya sheria hiyo hutungwa na manispaa yenyewe, iliyopewa uwezo wa kutunga sheria ndogo na sheria ya mamlaka za miji ya 1982. Ikiongezwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, ofisa afya ana pa kusimamia pale kinyesi na nzi vinapogeuka kero. Haki ipo, lakini ukubwa wake unaamuliwa na madiwani.

Kwa nini itetewe? Kusini pesa ya korosho huja kwa msimu. Minada hufunguliwa Oktoba, na wengi wanaoishi mjini wana mikorosho yao Nanyamba, Tandahimba au Newala. Ikifika Juni mfuko umekauka, na anayelipa daftari la mtoto au dawa ya homa ni jogoo wa uani. Mara nyingi kuku hao ni wa mama wa nyumba, na fedha yao haipiti kwa mtu mwingine. Kumwambia akafugie shamba ni kumwambia asifuge.

Wanaopinga nao wana hoja, na zilizo nzito zaidi ni mbili. Ya kwanza ni idadi. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo 300 wanamaliza zaidi ya nusu ya mfuko wa kilo 50, na kinyesi kibichi wanachotoa kinakaribia uzito huohuo. Weka hayo kwenye kiwanja kidogo cha Magomeni mvua za Januari zikinyesha, maranda yakalowa: jirani hapati pa kulala. Huo ni mradi wa biashara, utafutiwe eneo lake.

Ya pili ni kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza na kuua. Asiyechanja anahatarisha kuku wa mtaa mzima, maana ugonjwa haujui ukuta. Chanjo ya I-2 ni tone moja la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na chupa moja hutosha kuku wengi kiasi kwamba majirani wanaweza kuchangiana. Sioni ubaya wowote kwa manispaa kuifanya iwe sharti.

Kuku huria siwatetei. Anayefukua tuta la mchicha la mwenzako na kutaga kwake (halafu mnagombana mayai ni ya nani) amekwisha kuvuka mpaka wa haki ya mwenye kuku. Kuhusu kelele za alfajiri, mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika kwa vifaranga tu. Mmoja kwa nyumba anatosha.

Ninachokihofia zaidi ni sheria ndogo itakayopima kwa umbali, mathalani banda liwe mita kumi kutoka nyumba ya jirani. Shangani, kwenye viwanja vikubwa, sharti hilo linatimizwa bila jasho. Chikongola halitimiziki hata kwa kuku wawili. Afadhali kipimo kiwe idadi kulingana na ukubwa wa kiwanja, banda lililofungwa, usafi na chanjo. Harufu ikizidi, aadhibiwe mwenye harufu.

Wapo watakaosema mazoea yanatosha, tusiandike chochote. Jimbo la Michigan, Marekani, lilikuwa na sheria ya 1981 iliyowakinga wafugaji dhidi ya kesi za kero, na wafugaji wadogo wa mjini wakaitegemea. Mwaka 2014 tume ya kilimo ya jimbo ilibadilisha miongozo, na wafugaji wa maeneo ya makazi wakajikuta nje ya kinga hiyo, mikononi mwa halmashauri zao. Ikiwa waliokuwa na maandishi yaliwaponyoka, anayetegemea mazoea ana nini?

Sheria ndogo haitungwi gizani. Halmashauri hutakiwa kuwatangazia wakazi kusudio lake na kupokea pingamizi kabla ya waziri kuidhinisha. Tangazo hilo hubandikwa kwenye mbao ambazo wenye kuku hawazisomi, na baada ya kuidhinishwa pingamizi la mfugaji wa uani hubaki la mahakamani, ambako mitetea kumi haiwezi kulipa wakili.