Fidia Ikiwa Benki, Mvua Ikiwa Sebuleni

Nyumba imewekwa rehani, upepo umeezua paa, kampuni ya bima imekagua na kulipa, na bado mwenye nyumba analala chini ya turubai kwa sababu fedha zimeingia benki na benki haizitoi, au inazitoa kwa vipande. Wanaolitazama jambo hili kwa mbali hulimaliza kwa neno moja: mkataba. Alisaini mwenyewe kwamba benki ndiyo mnufaika wa kwanza wa bima. Sasa analalamikia nini? Jibu hilo si la uongo, ila linatolewa haraka mno, na aghalabu linatolewa na mtu ambaye hajapanda ngazi akatazama ukuta usio na paa unavyokuwa baada ya wiki tatu za mvua ya Mbeya.

Nyumba ya namna hiyo niliiona Iyunga, jijini Mbeya. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari ambaye marejesho ya mkopo wake hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, kwa hiyo hata angetaka kuchelewa kulipa asingeweza. Upepo wa Novemba, ule unaotangulia mvua ya mawe, uliinua upande mmoja wa paa lake la mgongo wa tembo, ukaondoka na bati pamoja na papi zake, yaani mbao zinazopigiliwa bati, ukaacha kenchi tatu, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimevunjika na dari ya jipsamu ikining'inia juu ya makochi. Kampuni ya bima, na hili lazima isifiwe, ilileta mkaguzi ndani ya wiki na kulipa kabla ya Krismasi. Ililipa benki. Kuanzia hapo mwalimu akaanza safari za kaunta: alete makadirio ya mkandarasi aliyesajiliwa, si ya fundi wa mtaani, alete makadirio matatu ya kulinganisha, asubiri idhini ya makao makuu Dar es Salaam, asubiri mthamini. Theluthi ya kwanza ilitoka mwishoni mwa Januari. Alipompigia fundi wake simu, fundi akamuuliza, “Mwalimu, theluthi ya paa ndiyo paa gani? Nipe bati zote na mbao zote, au tungoje Mei.”

Swali la fundi huyo ndilo kiini cha jambo lote, nami nitalirudia. Kwanza benki isikilizwe.

Haki ya benki haikuanzia kwenye maandishi madogo ya mkataba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka aliyeweka rehani ahakikishe kwamba hasara ya moto itafidiwa, na ikikatwa bima, ikatwe kwa majina ya pande zote mbili. Mantiki yake haina ubishi. Nyumba ndiyo dhamana, na nyumba ikiharibika dhamana imegeuka kuwa fedha za fidia, kwa hiyo mwenye dhamana hawezi kuambiwa asizitazame zinakokwenda. Kila afisa mikopo ana kisa chake cha mteja aliyepewa fidia yote mkononi Desemba, Januari ikalipiwa ada za shule, Februari ikanunuliwa mbolea, na Juni benki ikabaki na rehani ya kuta nne. Fedha zinazokopeshwa ni za wenye amana, wengine ni wakulima wa mpunga wa Usangu na wauza viazi wa Uyole, nao hawakuweka akiba zao ili ziishie kwenye nyumba iliyoachwa magofu. Mafundi nao si malaika. Anayelipwa yote mapema huwa na kazi nyingine Makambako.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni hatua inayofuata, yaani dhana kwamba kwa kuwa benki ina haki ya kuzilinda fedha, basi kila siku inayozishikilia ni siku ya ulinzi. Katika nyanda zetu hizi mambo huwa kinyume chake.

Turudi kwa fundi. Utaratibu wa kutoa fedha kwa theluthi, pamoja na ukaguzi kati ya awamu moja na nyingine, ulibuniwa kwa ajili ya ujenzi unaopanda hatua kwa hatua: msingi, kuta, linta, paa. Kwa nyumba inayojengwa upya baada ya moto unafaa kabisa, maana kila hatua inaweza kusimama peke yake na kukaguliwa. Paa lililoezuliwa halina hatua. Huwezi kuezeka theluthi yake ukaondoka, kwa sababu bati zilizopigwa nusu, bila kofia juu na bila kufungwa pembeni, ndizo upepo unaofuata utakazozibeba kwanza. Mbao za msindano kutoka Mafinga hununuliwa na kusafirishwa kwa mara moja. Ukizigawa kwa safari tatu umelipa gari mara tatu, na bei ya safari ya tatu huenda isiwe ile ya makadirio. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyepewa theluthi ana njia mbili: kukopa mtaani akamilishe, au kuziweka fedha zile akisubiri nyingine. Akiziweka, mkaguzi anakuja, haoni kazi, anaandika kwamba awamu ya kwanza haijatumika ipasavyo, na awamu ya pili inazuiwa. Nimeisoma barua ya namna hiyo. Lugha yake ilikuwa ya adabu kabisa.

Wakati huo mvua inanyesha. Huku kwetu msimu ni mmoja, unaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini. Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa ni za tofali la kuchoma, na nyingi kati ya hizo zimejengwa kwa udongo badala ya saruji katikati ya tofali na tofali, kisha zikapigwa lipu ya saruji nje na ndani. Nyumba ya namna hiyo ni imara mradi ina kofia kichwani. Paa likiondoka, maji huingia kwa juu, yakapita katikati ya lipu mbili kama yanavyopita kwenye mfereji, yakaulainisha udongo. Kwa nje huoni kitu. Wiki ya kwanza ukuta unabadilika rangi, wiki ya tatu lipu inavimba na ukiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu, na ikifika mwezi wa pili ukuta unatoa tumbo. Kwa mwalimu wa Iyunga tumbo lilitokea ukuta wa chumba cha watoto, chini kidogo ya dirisha. Upepo ulikuwa umechukua paa tu. Ukuta uliharibiwa na Januari na Februari.

Hapa ndipo hoja ya kulinda dhamana inapojipinga yenyewe. Benki inashikilia fedha ili nyumba isipoteze thamani, na nyumba inapoteza thamani kwa sababu fedha zimeshikiliwa. Kampuni ya bima haitaulipia ukuta huo, maana katika mikataba mingi uharibifu unaotokana na kuchelewa kutengeneza huhesabiwa kuwa uzembe wa mwenye mali. Benki nayo haitaulipia, maana yenyewe haikuvunja kitu. Anabaki mtu mmoja.

Hesabu ya riba pia haitajwi mara nyingi inavyostahili. Tuchukue mfano. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 80, deni lililobaki ni milioni 48, na bima imekatwa kwa kiasi cha deni, kama benki nyingi zinavyoridhika. Upepo unaleta hasara ya milioni 20. Mwenye nyumba anadhani atalipwa milioni 20, kwa kuwa ni pungufu ya milioni 48. Kumbe bima yake ni asilimia 60 ya thamani ya nyumba, na kanuni ya bima pungufu inasema atalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 12, kabla hata ya kutoa kile kiasi ambacho mkataba unamtaka ajibebee. Milioni 12 hizo zinaingia benki na zinatoka kwa vipande vya milioni 4. Mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikitozwa riba ya kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Milioni 12 zikikaa miezi sita katika akaunti isiyozaa kitu, huku deni la kiasi hichohicho likiendelea kutozwa riba, mwenye nyumba amelipa kati ya shilingi 900,000 na 1,140,000 kwa ajili ya fedha ambazo ni zake na zipo jengo lilelile. Benki inazo milioni 12 kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine inamdai riba kana kwamba haina.

Sisemi benki hupanga iwe hivyo. Nadhani mara nyingi ni ukosefu wa dawati, kwani mikopo ya nyumba bado ni michache nchini na madai ya bima juu yake ni machache zaidi, kwa hiyo faili likifika tawini hakuna anayejua ni la nani. Ila inapotokea kwamba benki hiyohiyo ndiyo wakala aliyemuuzia mteja bima na kupata kamisheni, kama inavyoruhusiwa tangu miongozo ya bima kupitia benki ilipotolewa mwaka 2019, udhuru wa kutojua unapungua nguvu. Aliyekuuzia bima ya milioni 48 kwa nyumba ya milioni 80 alikuwa na ripoti ya mthamini mezani.

Mkopaji akitaka kulalamika, wengi huenda kwanza Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na huko huambiwa, kwa haki kabisa, kwamba kampuni imekwisha kulipa na dai limefungwa. Mgogoro umehama kutoka bima kwenda benki bila mwenye nyumba kuarifiwa. Mlango wake sasa ni benki yenyewe kwa maandishi, na asiporidhika Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya na ambayo kanuni zake za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinahusu malalamiko ya aina hii. Ni vizuri barua ya kwanza iwe na tarehe ambayo bima ililipa, maana bila tarehe hiyo ucheleweshaji hauhesabiki.

Marekani, ambako hundi ya fidia huandikwa kwa majina mawili na ugomvi huu ni wa siku nyingi, miongozo ya wanaosimamia mikopo humtofautisha mkopaji anayelipa kwa wakati na yule aliye nyuma: wa kwanza hupewa sehemu kubwa mapema, wa pili hupewa kidogo kwa ukaguzi. Baada ya moto wa Los Angeles wa Januari 2025, jimbo la California lilitunga sheria ya kuwataka wakopeshaji walipe riba kwa fedha za fidia wanazozishikilia, isiyopungua asilimia 2. Asilimia 2 si kitu mbele ya asilimia 15 hadi 19 za kwetu, lakini kanuni yake ni kubwa: anayeshikilia alipie kushikilia.

Kwetu mambo mawili yangetosha, na yote yanaweza kuandikwa katika mkataba bila kusubiri sheria. La kwanza, hasara ya paa peke yake itolewe kwa mkupuo, ikilipwa moja kwa moja kwa muuza bati na muuza mbao kama benki inahofia ada za shule, na ufundi ulipwe baada ya ukaguzi. Hapo hofu ya benki imejibiwa na swali la fundi limejibiwa. La pili, fidia iliyokaa benki zaidi ya siku 30 ihesabiwe kama imepunguza deni kwa muda, ili riba isitozwe juu yake. Benki itasema mifumo ya kompyuta hairuhusu. Mifumo hiyohiyo hutoza faini ya kuchelewa kwa siku moja.

Sitaki kuficha udhaifu wa pendekezo la kwanza. Muuza bati anaweza kushirikiana na mteja, akaandika bati la geji 28 na kupeleka la geji 30, lililo jembamba zaidi, na benki ikagundua upepo mwingine ukija. Hatari hiyo ipo, na mtu wa kuikagua ni rahisi kumpata kuliko wa kuusimamisha ukuta uliotoa tumbo.

Kwa mwalimu wa Iyunga awamu ya mwisho ilitoka Aprili, na paa likafungwa mvua zikiwa zinaisha. Mthamini alikuja na fomu yake akajaza: kenchi, nzuri, bati, nzuri, dari, nzuri. Mwalimu akamwomba apite chumba cha watoto aone ukuta. Alipita, akautazama, akaugonga kwa kalamu, kisha akamwonyesha fomu. Ukuta haukuwa na mstari, kwa sababu siku ya upepo ulikuwa mzima.