Kituo cha Chini ya Ardhi Kiitwe kwa Jina la Mahali

Dar es Salaam bado haina treni ya chini ya ardhi. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 jijini, na mjadala huo utatufikia tu. Ukifika, mimi nitauliza kwanza habari ya majina.

Abiria wa mabasi ya mwendokasi akisahau kituo chake huchungulia nje: anaona daraja, msikiti, sheli, anajua kafika. Chini ya ardhi kuna ukuta mtupu. Jina na mchoro wa ukutani ndivyo pekee vya kumwambia alipo.

Cairo wana metro tangu 1987. Kituo cha chini ya Uwanja wa Ramses walikiita Mubarak, jina la rais wao wa wakati huo. Baada ya mapinduzi ya 2011 kikawa Al-Shohadaa, yaani Mashahidi. Kama kingebeba jina la uwanja ulio juu yake, nani angehangaika kukibadilisha?

Nasi tumeshaanza kuviita vituo kwa majina ya viongozi. Stesheni ya SGR hapa Dar inaitwa Magufuli, ya Morogoro Kikwete, ya Dodoma Samia. Heshima ya viongozi hao siigusi. Nasema tu kwamba jina hilo halimwambii mgeni ameshukia mtaa gani. Makutano ya Ubungo yalipewa jina la Kijazi, flaiova ya Tazara ikaitwa Mfugale, na makondakta wanaendelea kuita "Ubungo!" na "Tazara!" kama zamani.

Mwendokasi ulipoanza 2016 ulirithi majina ya daladala: Fire, Jangwani, Magomeni Mapipa, Usalama, Manzese Tip Top, Argentina. Uamuzi mzuri sana ule, majina waliyoyazaa wananchi wenyewe! Kasoro ni kwamba vituo vinafanana mno. Mexico City, metro yao ilipofunguliwa 1969, kila kituo kilipewa alama yake, kazi iliyoongozwa na mbunifu wa michoro Lance Wyman, ili hata asiyejua kusoma ashuke panapostahili. Sisi michoro tunayo tayari: kwa Mapipa mapipa, kwa Fire gari la zimamoto.

Na Jangwani? Hapo usanifu uanze na maji. Bonde la Msimbazi likifurika barabara hufungwa. Bangkok, mji wa mafuriko kama wetu, milango ya metro imeinuliwa: unapanda ngazi kwanza, ndipo unashuka chini. Mhandisi atakayeleta mchoro wa Jangwani usio na ngazi hizo arudishwe nao ofisini siku hiyohiyo.